Barua kwa Mama Salma: ile filamu ya wazee wawili

Tanga,
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Salma,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku hatujambo, ila joto tu. Baba Tariq anakusalimu sana.

Juzi kwenye simu nilipoanza kukueleza habari za Make Way for Tomorrow ulinikata kauli: hayo ni mambo ya Wazungu kuwatupa wazazi wao, sisi yanatuhusu nini? Sikubishana nawe, kwa sababu jambo hili halitoshi kwenye simu. Nakuandikia, shoga yangu, kwa vile katika filamu ile hakuna hata siku moja mtu anaposimama akasema tuwatupe wazee. Kila mmoja ana sababu yake, na kila sababu ukiisikiliza ina ukweli ndani yake. Hilo ndilo lililonichoma.

Ni filamu ya mwaka 1937, nyeusi na nyeupe, ya studio ya Paramount, na mwongozaji wake ni Leo McCarey. Mzee Barkley Cooper na mkewe Lucy wameishi pamoja miaka hamsini na wana watoto watano watu wazima. Mzee kazi hana kwa muda mrefu, deni la nyumba limemshinda, na benki inaichukua. Wazee wanawaita watoto kikaoni: wanne wanafika, wa tano yuko California. Na unajua wanaambiwa lini? Zikiwa zimebaki siku chache tu nyumba iondoke! Miezi yote ile wazee walikuwa wamelificha jambo wenyewe, wasitake kuwahangaisha watoto.

Kumbuka pia ni wakati gani. Marekani ilikuwa haijatoka kwenye ule mdororo mkubwa wa uchumi ulioanza 1929. Rais Roosevelt alikuwa ametia saini sheria ya mafao ya uzeeni mwaka 1935, lakini malipo ya kila mwezi hayakuanza mpaka Januari 1940. Kwa hiyo mzee kama Bark, mwaka ule wa 1937, karibu hakuwa na pa kushika ila kwa watoto wake. Na watoto wenyewe wanabanana kwenye nyumba ndogo. Hakuna anayeweza kuwachukua wote wawili, basi mama anakwenda New York kwa George, baba anakwenda kwa Cora, mji mwingine, mbali. Ni kwa muda tu, wanasema. Binti mwingine, Nellie, anaahidi kuwaweka pamoja baadaye, akishazungumza na mumewe.

"Kwa muda tu." Sisi babu yetu alipelekwa kwa baba mdogo kwa muda tu, awe karibu na hospitali, na bibi akabaki kwa shangazi. Hawakulala tena chini ya paa moja mpaka babu alipofariki. Wala hakuna aliyekusudia ubaya. Ndiyo maana sikubali uniambie haya ni ya Wazungu.

Sasa nikueleze kile kipande cha simu. Anita, mke wa George, anafundisha watu karata za bridge nyumbani ili kuongeza pato la nyumba. Jioni hiyo wageni wamekuja wamevaa vizuri, meza zimepangwa, na mama mkwe amekaa palepale sebuleni kwenye kiti chake cha kubembea ambacho kinalia kila akijisogeza. Watu wanageuka, wanatazamana. Unamwonea Anita huruma, kweli kabisa, maana ile ni kazi yake na mkono wa mtu mwingine umeingia katikati. Mara simu inalia, ni mzee Bark anapiga kutoka mbali. Bibi hajazoea simu, basi anapiga kelele kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. Mwanzoni wageni wanatabasamu. Kisha mmoja mmoja wananyamaza, karata mkononi, kwa sababu wanamsikia akimuuliza mumewe kama anavaa nguo za joto, akimwambia amemkumbuka, na akimgombeza kidogo kwamba fedha ya simu hii angenunulia skafu nzuri ya kujikinga na baridi. Sauti ya mzee hatuisikii. Tunamwona bibi tu na wale watu walioacha kucheza. McCarey hakuweka machozi ya mtu yeyote pale, na mimi nililia.

Kwa upande wa baba, Cora ndiye mgumu zaidi kumpenda. Baba akiugua analazwa kwenye kochi la sebuleni, na daktari anapobisha hodi Cora anamkurupua haraka kumpeleka kwenye kitanda kizuri chumbani, daktari asije akaona. Lakini mzee amepata rafiki, Max Rubens, Myahudi mwenye duka. Miwani ya Bark imevunjika, kwa hiyo Max ndiye anamsomea barua ya Lucy. Anasoma, anasoma, halafu anafika mahali anashindwa kuendelea, kwa kuwa yale ni maneno ya mke kwa mumewe na hayafai kupita mdomoni mwa mtu mwingine. Bark akishaondoka, Max anamwita mkewe kwa sauti. Mke anakuja mbio, kuna nini? Hakuna kitu, alitaka tu kumwona yupo. Mama Salma, hicho ni kipande kifupi kweli, lakini usiku ule nilimwita Baba Tariq aliyekuwa nje anafunga geti, naye akaniuliza hivyohivyo.

Bibi Lucy simfanyi malaika. Ana maneno mengi, anaingilia mambo ya mjukuu wake Rhoda, na anawapigia wageni hadithi wasizoziomba. Filamu inamwacha awe hivyo. Ndipo inapofika siku George ameshakubali moyoni kumpeleka mama kwenye makazi ya wanawake wazee, na hajui aanzeje kumwambia. Mama ameshaiona barua ya kutoka huko. Mtoto anababaika, na mama anamtangulia: anamwambia yeye mwenyewe angependa kwenda kukaa huko, ila baba asijue kamwe, adhani bado yuko kwa George. Kisha anamwambia kuwa siku zote yeye ndiye alikuwa kipenzi chake kuliko wote. Anamwondolea mwanawe aibu ya kulitamka! Sijawahi kuona mapenzi ya mama yakiigizwa namna ile. Beulah Bondi aliyemwigiza bibi huyu wa miaka sabini alikuwa hajafika hata hamsini, na ukiitazama mikono yake utasema ni bikizee kweli.

Mzee naye inaamuliwa apelekwe California kwa yule binti wa huko, kwa ajili ya hali ya hewa. Kabla treni haijaondoka wanapata mchana mmoja wa kuwa pamoja New York. Na hapa filamu inageuka kabisa. Mpaka saa hiyo tumekuwa tukiwatazama kwa macho ya watoto wao, kama tatizo la vyumba na vitanda. Sasa wanatembea barabarani wawili peke yao, na ghafla tunaona mwanamume na mwanamke wanaopendana. Muuza magari anawadhania matajiri, anawapakia kwenye gari jipya. Akishajua ukweli hawadharau. Wanafika kwenye hoteli waliyokaa fungate yao nusu karne nyuma. Meneja anakuja kuketi nao, anawasikiliza. Wanainuka kucheza, muziki unageuka kuwa wa kasi ambao hawauwezi, na kiongozi wa bendi akiwaona wamesimama hawajui la kufanya anabadilisha pigo, anawapigia waltz, muziki wa zamani wa taratibu. Watu baki kabisa! Wanawapa heshima ambayo damu yao haikuwapa. Pale mezani wanakaribia kubusiana, kisha bibi anageuka kidogo kuelekea kwetu tunaotazama, kana kwamba ametukuta mlangoni, anaona haya, anaacha. Wakati huo watoto wanawasubiri na chakula cha jioni, na wazee wanapiga simu kusema hawaji. Mmoja wa watoto anakiri kwamba wenyewe walijijua siku zote kuwa hawafai, ila halikuwasumbua mpaka walipotambua kuwa baba naye anajua.

Ya stesheni sikuelezi. Utayaona mwenyewe.

Kuna kimoja ambacho hakinipendezi: Louise Beavers, mwigizaji mweusi hodari, amepewa tena utumishi wa nyumbani, kama Hollywood ya miaka ile ilivyokuwa ikiwafanyia waigizaji weusi wengi. Unatamani angepewa hata dakika tano za kuwa mtu mwenye nyumba yake.

Huyu McCarey alikuwa mtu wa vichekesho, ndiye aliyewakutanisha wale wachekeshaji wawili, Laurel na Hardy. Wakubwa wa Paramount walimtaka abadilishe mwisho uwe wa furaha, akakataa. Filamu haikupata wateja, na studio ikaachana naye. Mwaka uleule akatengeneza kichekesho kiitwacho The Awful Truth, kikampatia Oscar ya uongozaji, naye akawaambia waziwazi kwamba wamempa kwa filamu isiyostahili. Mwongozaji mwenzake, Orson Welles, alisema hii ya wazee ingeweza kuliza jiwe. Na kule Japani, Kogo Noda, mwandishi mwenza wa mwongozaji Yasujiro Ozu, alichota humo walipoandika filamu yao Tokyo Story ya 1953. Kama Wajapani walijiona ndani yake, shoga yangu, wewe na mimi tutashindwaje?

Tariq anakuja Dar wiki ijayo, atakuletea DVD yangu. Itazame mwenyewe kwanza kabla ya kumwekea mama mkwe, halafu uamue kama atafurahi. Ukimaliza nipigie, saa yoyote. Nataka kujua umemwonaje Anita: mimi namtetea, Baba Tariq anasema angeweza kuahirisha zile karata, na tunabishana mpaka leo. Na unirudishie sufuria yangu kubwa kwa mkono wa Tariq, Idi inakaribia.

Wako akupendaye,
Mama Tariq