Dizeli ya ndege sio ile ya sheli, Mhariri

Mhariri salaam,

Jumapili nilikuwa barazani na kahawa yangu nasoma gazeti lenu nikakuta barua ya ndugu mmoja anasema ndege ndogo za watu binafsi zote zihamie injini za dizeli, petroli imepitwa na wakati, halafu akamalizia kwamba mwenye ndege atakuwa anajaza sheli kama Fuso. Hapo kwenye Fuso ndo nikaweka kikombe chini. Mimi ni fundi, sasa hivi nahangaika na mashine za boti pale Deep Sea, lakini ujana wangu niliumalizia kwenye viwanja vya nyasi vya mashamba ya mkonge, kazi yangu kujaza mafuta na kumshikia spana fundi mkubwa.

Kwanza nimpe haki yake. Dizeli kwenye ndege ina maana, na kwa sisi wa huku maana yenyewe sio nguvu, ni mafuta. Injini za petroli, hizi Lycoming na Continental zilizojaa kwenye Cessna ndogo, zinakunywa avgas, petroli maalum ya ndege, ile ya rangi ya bluu, sio petroli ya bodaboda. Enzi zetu ilikuja kwa madramu, tunaipandisha kwa pampu ya mkono huku tunaichuja kwa ngozi laini, dramu likichelewa ndege inalala. Injini za dizeli za ndege zinakunywa Jet A-1, mafuta yale yale ya zile ndege ndogo za abiria za Caravan na majeti makubwa, ndugu wa damu wa mafuta ya taa, panapojazwa ndege za abiria utayapata, avgas ndo ya kuulizia. Tena zinabana matumizi, ndege ya watu wanne yenye petroli itakula lita 35 hivi kwa saa, ya dizeli inacheza kwenye 20 na kitu. Na avgas ya kawaida, 100LL, mpaka leo ina risasi, ile metali yenye sumu, wakati petroli ya magari yenye risasi ilikwisha duniani 2021 baada ya Algeria kuiacha. Sisi tulikuwa tunatoa grisi mikononi kwa avgas, hakuna aliyetuambia kitu, basi Mungu mkubwa.

Ila ndugu yetu hakusema upande wa fundi. Dizeli iliyofufua mambo haya ni ile ya Thielert ya Ujerumani, walichukua injini ya gari ya Mercedes wakaifanya ya ndege, ikapata cheti 2002. Injini ya gari inazunguka haraka kuliko propela inavyotaka kwahiyo lazima katikati kuwe na giaboksi, na ile giaboksi mwanzoni ilitakiwa kufunguliwa kuangaliwa kila saa 300, na injini yenyewe haiovaholiwi, ikifika saa zake inatolewa nzima inawekwa nyingine. 2008 kampuni ikafilisika, waliokuwa wanategemea garantii wakabaki wanashika kichwa, mpaka ilipokuja kununuliwa na Wachina 2013 na kuwekwa chini ya Continental. Siku hizi zimeimarika, kuna inayokwenda saa 2,100 kabla ya kubadilishwa, nzuri tu. Lakini Lycoming, silinda moja ikipasuka mnaitoa hiyo moja, mnaweka nyingine, na sisi tuliifanya hiyo kazi chini ya mwembe watu wawili na jeki, jioni ndege ikaruka. Dizeli hizi zinaendeshwa na kompyuta, huwezi kuzifungulia mwembeni.

Halafu umeme. Petroli ina magneto mbili, vile vya kutoa cheche za plagi, zinazozungushwa na injini yenyewe, kila silinda plagi mbili, betri ife isife inaendelea. Kule Speyer Ujerumani 2007, ndege ya Diamond DA42 yenye injini mbili za dizeli iliwashwa kwa umeme wa nje kwa sababu betri ilikuwa imekwisha, ikaruka, rubani akakunja magurudumu, umeme ukashuka, kompyuta zikazimika na injini zote mbili zikasimama hapo hapo. Baadaye wakaongeza betri ya akiba, lakini somo lilishalipiwa.

Sasa nirudi kwenye sheli, maana hapo ndo penye hatari. Kweli zile Thielert ziliruhusiwa kuchoma na dizeli ya magari ya kiwango cha Ulaya, lakini sio kila injini ya dizeli ya ndege imeruhusiwa, na sisi wa boti tunajua joto la pwani linavyofanya kwenye tangi, maji yanatuama chini, unaota utelezi kama mlenda, filta inaziba. Baharini inakuzimikia unatweka tanga, kule juu utatweka nini?

Kubwa zaidi, watu wakizoea kusikia ndege ndogo siku hizi ni dizeli, kuna kijana wa pampu atakuja kujaza Jet A-1 kwenye Cessna 172 ya petroli, kwa sababu ndege hiyo hiyo kwa nje ipo ya petroli na ipo iliyofungwa dizeli. Na haimwambii kitu pale chini, itawaka kwa avgas iliyobaki kwenye mipira ya mafuta, itapaa vizuri, halafu inaanza kugonga na kufa ikiwa juu ya minazi.

Mimi nusura niwe huyo kijana. Dramu lilikuja asubuhi maandishi yamefutika, nikaanza kulifungua, mzee akaniita, we mtoto, lete daftari. Akachana karatasi, akadondosha tone la dramu la jana na tone la dramu jipya, tukaweka juani. La jana likakauka karatasi ikawa safi kama haijaguswa. Lile jipya likaacha duara la mafuta, kama karatasi iliyofungiwa kachori. Hakunigombeza, alilisukuma lile dramu kwa mguu mpaka nyuma ya stoo akaendelea na kazi.

Kwa hiyo anayeruka kila siku, mwenye shule ya urubani, achukue dizeli, itamlipa. Anayekwenda Pemba mara moja kwa mwezi abaki na Lycoming yake. Ila ule mstari wa kujaza sheli naomba muusahihishe ukurasa ule ule, kwa maandishi makubwa.

Fundi mstaafu,
Chumbageni, Tanga