Aliyesamehewa anatubu nini tena?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niwaandikie Wakristo wanaotubu dhambi moja mwaka nenda mwaka rudi. Ni wengi. Mahubiri yakiisha na watu wakaitwa mbele, hutoka walewale wa mwezi uliopita, wakililia jambo lilelile. Wapo wanaosifu hali hiyo kuwa ni unyenyekevu. Kwangu ni njaa ya mafundisho, na lawama inatuangukia sisi tunaofundisha kabla ya kuwaangukia wao.

Tatizo huanzia hapa: mtu amezoeshwa kupima msamaha kwa machozi. Akilia sana anaamini amesamehewa. Akiamka kesho moyo mkavu, anadhani msamaha umeondoka usiku. Sasa fungua 1 Yohana 1:9: "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu." Machozi hayatajwi. Na tazama neno "wa haki". Tungetarajia Yohana aandike "mwenye huruma". Ameandika "wa haki" kwa sababu hati ya deni, kama Paulo asemavyo katika Wakolosai 2:14, ilikwisha kufutwa na kugongomewa msalabani, na mwenye haki hadai deni lililolipwa. Kwa hiyo uhakika wa Mkristo umeegemea kazi ya Kristo, na kazi hiyo haibadiliki moyo ukiwa mkavu.

Kuungama kwenyewe kuna namna yake. Neno la Kigiriki lililotumika hapo lina maana ya kusema neno moja na mwenzako, yaani kuliita kosa kwa jina lile Mungu analoliita. "Nisamehe kama nimekosa" si kuungama. "Nisamehe makosa yangu yote" inafaa katika sala ya pamoja, ila anayeteswa na jambo fulani hapati nafuu humo. Ataje: niliiba fedha za kikundi, nilimsingizia ndugu yangu mbele ya wazazi. Mara moja, waziwazi, kisha ashukuru. Jambo hilo likimrudia kichwani kesho yake, asianze toba upya. Ashukuru tena kwa lile alilokwisha kusamehewa.

Hata hivyo, wakati mwingine dhamiri haitulii kwa sababu mali ya mtu bado iko kabatini. Sheria katika Walawi 6 ilimtaka mwizi arudishe kitu kamili na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo, mtoza ushuru, aliahidi kurudisha mara nne ya alichonyang'anya. Angalieni mpangilio katika Luka 19: Yesu alimwita Zakayo, akaingia nyumbani kwake, ndipo ahadi ya kulipa ikatoka. Hakununua kuingiwa nyumbani. Anayedaiwa leo na hawezi kulipa kwa mkupuo aende kwa mwenye mali, wakubaliane kiasi na tarehe, na aishike ahadi hiyo. Na kama kosa ni la siri za ndoa au la aibu ya mtu mwingine, kipaza sauti si mahali pake. Aungame kwa aliyeumizwa, na kwa mchungaji, padri au mzee anayejua kufunga mdomo. Kuna faida kubwa ya kusikia "umesamehewa" ikitoka katika kinywa cha mtu mwingine. Ndiyo maana makanisa kadhaa yameweka ondoleo la dhambi ndani ya ibada zao.

Wengine hukwama kwenye matokeo. Nabii Nathani alimwambia mfalme Daudi alipokiri dhambi yake, "BWANA naye ameiondoa dhambi yako, hutakufa," na bado nyumba ya Daudi ilipita katika machungu mazito. Asiyerudishiwa kazi, au ambaye mwenzi wake bado hajamwamini, asisome humo kwamba Mungu amekataa toba yake. Imani iliyovunjwa na binadamu hujengwa polepole, na aliyeumizwa ana haki ya kuchukua muda wake.

Ningependa kila mhubiri asome Luka 15 taratibu, mstari wa 19 kando ya mstari wa 21. Mwana mpotevu alitunga maombi yake akiwa bado kwenye nguruwe, yakiishia na "nifanye kama mmoja wa watumishi wako." Alipofika alisema yote, isipokuwa sentensi hiyo ya mwisho. Baba tayari alikuwa ameshakimbia, amemwangukia shingoni, na sasa anaagiza vazi, pete na viatu. Ombi la kuwa kibarua halikupata nafasi. Wakristo wengi wanaishi ndani ya sentensi ile ambayo baba hakuingoja: wamekubali kurudi nyumbani, lakini kama vibarua, wakilipa kidogokidogo kwa kufunga na kukesha. Kufunga ni kwema. Kufunga ili kulipia dhambi ni kumwambia Kristo kwamba alilipa pungufu.

Wapo pia ambao hakuna maelezo yanayowatuliza. Wanaungama mara kumi kwa siku, wanaogopa kwamba wamemkufuru Roho Mtakatifu, hawalali, hawali. Hofu hii inaweza kuwa ugonjwa wa akili unaotibika, kama sonona au mawazo yanayojirudia bila hiari, na kumwongezea mtu huyo maombi ya kukemewa humzidishia mzigo. Mchungaji asimwite mbele tena. Akae naye faraghani, amwache asome mwenyewe Marko 3:28 na asiishie mstari wa 29 ambako hofu yake imekaa, bali afike wa 30, panapoelezwa kwamba onyo lile liliwahusu waliosema Yesu ana pepo mchafu. Kisha amsindikize kwa daktari, na wiki inayofuata amtembelee tena.

Mwalimu wa Biblia,
msomaji wako