Nembo ya kwenye simu haitoshi tangani

Mhariri,

Masika yakiisha, wenye nyumba za wageni na wenye boti hapa Lamu huanza kupaka rangi na kutafuta mabango mapya kabla wageni hawajashuka gatini. Ndipo mchoraji hutumiwa kwa WhatsApp kijipicha cha nembo, na chini yake maneno: “Nataka bango la mita mbili, kesho.” Naomba nafasi nieleze kwa nini bango hilo hutoka na ukungu, na mteja adai nini siku anayoagiza nembo, maana wengi hulipia picha wakidhani wamenunua nembo.

WhatsApp hubana picha. Nembo yenye upana wa pikseli 600 (vidoa vinavyounda picha) ikivutwa hadi mita 2, kila pikseli huwa kijiraba cha zaidi ya milimita 3, na mashine ya kuchapa haiwezi kurudisha kisichokuwemo. Nembo huchorwa kwa vekta, yaani mistari inayokokotolewa upya kila ukubwa ukibadilika, kwa hiyo ileile hutosha kwenye kadi na kwenye ubavu wa boti. Dai faili asilia la vekta, PDF ambayo herufi zake zimegeuzwa kuwa maumbo (la sivyo mchapaji wa Mombasa asiye na fonti hiyo atakutolea herufi nyingine kabisa), na PNG (faili la picha) isiyo na mandharinyuma kwa ajili ya simu. Ukiyatuma, yatume kama dokumenti, si kama picha. Na usichague rangi kwa kutazama kioo cha simu peke yake. Ile buluu ya bahari inayong'aa hutoka kwenye mwanga. Mashine ina wino tu, na buluu hiyo karatasini hufifia. Omba uchapiwe sampuli kwanza.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni nembo ya rangi moja. Nembo itapigwa mhuri kwenye risiti na kudariziwa kwenye shati la nahodha. Cherehani ya darizi haishiki vizuri mstari mwembamba kuliko milimita 1, na herufi fupi kuliko milimita 5 hujaa uzi zikazibika. Jahazi lililochorwa na kamba zake zote hugeuka doa. Sina ugomvi na jahazi, lakini likikaa kwenye kila ubao kuanzia Langoni hadi Shela, pamoja na mnazi wake, mgeni atakukumbuka kwa lipi?

Hasara kubwa huonekana kwenye tanga. Tanga letu ni la pembetatu na linaning'inia kwenye foromali, boriti ya kushikilia tanga, iliyolala mshazari, hivyo nembo iliyonyooshwa sawa na karatasi ya ofisini huonekana imepinda pindi tanga linapopandishwa. Itandike nguo chini, weka alama mahali foromali itakapopita, kisha panga mchoro kwa kufuata mstari wa maji. Upepo ukishika, nguo hufura na mchoro hupanuka katikati, kwa hiyo maneno marefu hayafai. Tena nguo nyeupe nyepesi huonyesha upande wa pili: jua likiwa nyuma yake, jina husomeka kinyumenyume. Afadhali umbo lililo sawa kulia na kushoto, lisilo na herufi hata moja. Rangi ya mafuta ikipakwa nzito hukakamaza nguo na kupasuka kwenye mikunjo, kwa hiyo ipakwe nyepesi, mara mbili.

Kuhusu ukubwa, mafundi wa mabango wana kanuni: kila mita 3 za umbali zinataka herufi yenye kimo cha sentimita 2.5. Bango la kusomwa na mtu aliye kwenye boti mita 60 kutoka gatini linahitaji herufi za sentimita 50. Namba ya simu iliyobanwa kwenye kona ya chini haimfai mtu huyo. Kwenye vichochoro vya mtaa wa Mkomani hesabu ni nyingine. Mpita njia huambaa na ukuta, na ubao uliolazwa ukutani huuona akishaufikia. Panafaa kibao kidogo kinachochomoza, herufi za sentimita 5, na ukingo wake wa chini uwe juu ya mita 2.5, kwa kuwa punda aliyebeba makuti hatakikwepa.

Kabla ya kutoboa ukuta, ulizeni ofisi ya uhifadhi. Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Msumari wa chuma hushika kutu kwa chumvi, hufura, ukabandua lipu. Tumieni skrubu za shaba, na tundu lizibwe kwa chokaa; saruji huzuia unyevu kutoka. Ubao wenyewe uwe wa mvule au msaji uliokauka, uoshwe kwa maji matamu kama umekaa karibu na bahari, upigwe msasa, praima (rangi ya msingi), kisha rangi mara mbili. Ncha za ubao zipakwe rangi mara moja zaidi. Maji huingilia hapo, na rangi hubambuka kutokea ndani.

Malipo sasa. Fundi wa milango hapa hupewa arbuni ya mbao kabla hajashika patasi, na hakuna anayeona ajabu. Mchoraji wa nembo naye apewe nusu mwanzoni, na karatasi ya makubaliano itaje marekebisho mangapi yamo kwenye bei (mawili au matatu yanatosha) na mafaili gani yatakabidhiwa. Wachoraji wenzangu, soma kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001: kazi ikiagizwa, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Bila karatasi unabaki ukidai malipo huku nembo si yako tena. Andika kwamba haki zitahama malipo yakikamilika.

Mwenye biashara naye, akitaka ulinzi, asajili alama yake ya biashara KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama hizo: daraja la 43 kwa malazi na chakula, la 39 kwa usafiri na matembezi ya boti. Ulinzi ni wa miaka 10, na unahuishwa. Asitegemee kumiliki neno “Lamu” peke yake, kwani jina la mahali halisajiliwi kirahisi.

Limebaki la mashindano. Ofisi hutangaza shindano la nembo, wachoraji wengi hufanya kazi nzima bure, mmoja hupewa cheti, na nembo huchaguliwa na kamati ambayo haikumweleza mtu itatumika wapi. Hapo ndipo hupatikana nembo yenye rangi saba isiyoingia kwenye mhuri. Ofisi ikitaka kuwapa nafasi vijana wa kaunti, itazame kazi zao za nyuma, iite watatu, iwape maelezo ya maandishi na imlipe kila mmoja kwa mchoro wake wa kwanza, kisha mmoja akabidhiwe kazi yote hadi mafaili ya mwisho.

Mchoraji wa nembo na mabango,
Langoni, Lamu