Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama, assalamu alaykum, na kwa wenzetu Bwana asifiwe.

Shughuli za kawaida mnazijua. Tumezika, tumeuguza, tumezibua mfereji kabla ya mvua, tumechangia maulidi. Kamati imekaa vikao 9. Mikutano mikuu ilikuwa 2, na wa kwanza ulivunjika kwa kukosa akidi: walikuja watu 19, mmoja wao akiwa amekuja kumtafuta mkewe. Siku ya pilau, nakumbusha tu, viti havikutosha.

Fedha. Daftari lina wanachama 118. Waliomaliza ada ya 12,000 ni 37, waliolipa nusu ni 22, na 59 hawajatoa hata shilingi. Makusanyo yote ni 576,000. Matumizi makubwa ni yale yale yaliyoleta maneno, ya kuhesabu watu wa mtaa wetu, 410,000: posho ya vijana 6 kwa siku 8 shilingi 336,000, chai na maji 50,000, madaftari na kalamu 24,000. Risiti anazo mhazini. Aliyesema barazani kwamba hazipo aende akazione, halafu arudi barazani hapo hapo aseme.

Nalijua lililowaudhi. Mlitaka maturubai na viti vya kukodisha, sisi tukaenda kuandika watu nyumba kwa nyumba. Kuna walioniita Kamisaa, kana kwamba mimi ndiye Mama Anne Makinda, aliyekuwa Kamisaa wa Sensa ya 2022. Naomba mnisikilize, maana katika miaka yangu sita ya uongozi sijawahi kutumia fedha ya chama bila sababu.

Mnakumbuka barua yetu ya kuomba kilula cha pili cha maji, yaani bomba la mtaa la kuchotea ndoo. Tuliandika kwamba mtaa umefurika, watu wameongezeka maradufu. Kule ofisini tukaulizwa swali moja tu: mko wangapi? Tukajibu, wengi sana. Barua ikarudi. Neno “wengi” niliandika mimi, sikatai, lakini kamati nzima ilisaini.

Nikaenda kutazama takwimu za sensa. Mwaka 2012 Manispaa yetu ya Kigoma Ujiji ilikuwa na watu 215,458. Mwaka 2022 ikawa na 232,388. Ongezeko ni 16,930 kwa miaka kumi, hata asilimia 8 haifiki. Mkoa mzima ulitoka 2,127,930 ukafika 2,470,967, yaani asilimia 16 hivi. Nchi nzima ilitoka 44,928,923 ikafika 61,741,120, asilimia 37. Nchi inaumuka kama andazi, mji wetu umepanda kidogo tu. Mimi naona tunadanganywa na soko la asubuhi. Watu wa Mwandiga na vijijini wanaingia na mizigo yao, jioni wanarudi kwao, na huko wanahesabiwa Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma, si manispaa. Hata vijana wetu wakipata kiwanja wanakipata nje ya mpaka. Basi kama mji haujafurika, mbona foleni ya ndoo mtaani kwetu inaanza alfajiri? Takwimu ya manispaa nzima haiwezi kunijibu hilo. Ilibidi tupite wenyewe.

Na wakati wa kupita niliuchagua mimi. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, nikasema twende Juni, wavuvi wako nyumbani wanashona nyavu. Usiku wa kuamkia siku ya sensa, Agosti 23, 2022, tulikuwa mwishoni mwa Mfungo Nne, yaani Muharram, giza tupu la kuvulia dagaa, na kwangu wanaume wote walikuwa ziwani na taa zao. Maswali alijibu mjukuu. Sikutaka yajirudie. Ni kweli, kama alivyosema mjumbe mmoja kwa sauti kubwa, wengine mwezi huo walikuwa wamekwenda mashambani. Hao tuliwarudia Septemba, na hakuna aliyelipwa posho kwa safari hiyo, mimi nikiwemo.

Nitawapa nyumba moja tu. Mwenye nyumba alisimama barazani akasema, “Andika, sisi hapa ni wanne.” Binti aliyekuwa anaandika akaomba maji ya kunywa, akaingizwa hadi uani. Akakuta majiko matano ya mkaa, kila moja na sufuria yake, na mbele ya milango ya vyumba ndoo zimepangwa kwa rangi ili zisichanganywe. Kaya ni watu wanaopika pamoja. Nyumba moja, kaya tano. Mzee hakusema uongo; wapangaji kwake si watu wa nyumba. Foleni ya ndoo inatoka uani, na sisi tulikuwa tunahesabu milango ya mbele.

Wapo waliotutisha na jela kwa kukusanya takwimu wenyewe. Sheria ya Takwimu ilirekebishwa 2019, na aliyewatisha alikuwa anasimulia ya kabla ya hapo. Iliyonihangaisha mimi ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayotumika tangu Mei 2023, ndiyo maana madaftari yamo kwenye sanduku la katibu, yamefungwa kufuli, na kilichotoka nje ni jumla tu bila majina. Wengine walidhani tunatafutia mtu kura za serikali za mitaa. Uchaguzi ulikuwa Novemba 27 na mimi sikugombea hata ubalozi wa nyumba kumi.

Daftari limenifunza jambo ambalo sikulipenda. Kati ya wadaiwa 59 ninaowasoma kila mkutano, 9 ni marehemu na 17 walishahama. Orodha niliirithi hivyo. Hata hivyo naomba radhi kwa familia tisa, hasa ile ambayo nilimtaja baba yao nikasema “huyu naye anajificha.” Wadaiwa halisi ni 33. Hao wapo, nyumba zao tumeziona, na baadhi wana king'amuzi.

Na wapangaji, wanaopanga foleni ile, wengi wao si wanachama kwa sababu fomu yetu inasema “mwenye nyumba.” Kamati inaona fomu ibadilishwe. Wazee wawili wamepinga.

Mwaka ujao, panapo majaliwa, tutapeleka upya barua ya kilula ikiwa na hesabu ya kaya, na maturubai tutayafikiria kadiri ada zitakavyoingia. Mkutano mkuu ni Jumapili ya pili ya Februari, saa nne asubuhi. Pilau haitakuwepo.

Mwenyekiti