Vugo la harusi ya watu wengine

Mhariri,

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye vugo, ngoma ya wanawake ya harusi inayopigwa kwa pembe, la binti wa jirani yangu hapa Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu. Tulitoka baada ya isha, wanawake watupu, tukashika vichochoro kuelekea mtaa wa Langoni. Mbele yetu alikwenda msichana mmoja, spika ya betri begani na simu mkononi. Pembe hapakuwa na hata moja. Nyimbo zenyewe zilikuwa nzuri, za sauti za hapa hapa Amu, yaani Lamu, nasi tukaitikia. Tulipokaribia nyumba ya bwana harusi, rekodi ile ikamtaja bibi harusi, na jina halikuwa la binti yetu. Ilikuwa imenaswa kwenye harusi ya watu wengine. Mamake bibi harusi alikuwa ubavuni mwangu. Alivuta buibui lake usoni, asiseme neno. Shangazi yake, mtu mzima sana, ndiye aliyeuliza: "Spika hii yamjua mwana wetu?"

Sijaacha kulifikiria swali lile.

Kwa wasomaji ambao hawajapata kuliona, chombo cha vugo ni pembe ya nyati inayogongwa kwa kijiti. Bibi yangu aliniachia mbili, kubwa na ndogo. Ile kubwa ina kibonde pale kijiti kilipokuwa kikiangukia, na ukiipapasa upande wa chini utaona imelainika kama kikombe kwa kushikwa miaka na miaka. Mmoja hutoa ubeti, wengine hujibu, pembe zikienda. Ubeti huo humtaja bibi harusi, humsifu mamake na somo wake, yaani mwanamke aliyemfunda, huwatania watu wa upande wa pili, na aliyealikwa akakataa kuja naye hupata lake. Mengine hutungwa pale pale, tukiwa njiani. Ndiyo maana mtoto wa kike akivushwa kwa vugo mji mzima ulijua nani anaolewa, na ni wa nani.

Ngoma zetu nyingi ziko hivyo, zinataka mtu anayemwona mwenziwe. Katika kirumbizi, ngoma ya kuchezwa kwa fimbo, mpiga zumari hawaondolei macho wale wawili wenye fimbo. Mashavu yamemjaa, hewa yaingia puani huku nyingine ikitoka mdomoni, sauti isikatike. Nimeona kwa macho yangu vijana wawili wakianza kukasirika kweli, na mzee wa zumari akaituliza ngoma mpaka fimbo zikateremka wenyewe wakicheka. Rekodi ingeendelea tu.

Mji wetu uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, nami nafurahi kwa kila ukuta wa matumbawe na kila mlango wa nakshi uliosalimika kwa sababu hiyo. Siwa zetu mbili, yaani pembe kubwa za kupulizwa, ya shaba ya Lamu na ya pembe ya ndovu ya Pate, ziko katika jumba la makumbusho, zimetunzwa vizuri. Zamani zilipulizwa kwenye harusi za nyumba kubwa. Siku hizi mwanangu azijua kwa kuzitazama tu. Pembe za vugo hazijafika huko, ziko makabatini mwetu, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu bado tunaweza kuzitoa.

Tazameni tari, ngoma ndogo ya kupigwa kwa mkono. Habib Swaleh, mwanachuoni wa hapa Lamu, aliiingiza katika maulidi ya msikiti wa Riyadha, na wapo wakubwa wa mji wa zama zake waliompinga kwa hilo. Leo, miaka mingi baada ya yeye kufariki, ukienda kwenye maulidi utakuta mtoto wa miaka minane ameketi karibu na babu yake, aangalia mkono wa babu na kuufuata. Tari imeishi kwa sababu ina siku yake na mahali pake, na watoto wako pale.

Najua harusi ni gharama, na spika ni rahisi. Lakini tunamlipa mpiga picha, tunamlipa mpambaji wa jukwaa, tena bila kulalamika. Wenye harusi baada ya mfungo, wawekeni wapiga pembe na mpiga zumari kwenye hesabu tangu siku ya kwanza ya kikao, wasiwe watu wa kukumbukwa zikibaki pesa.

Nami nisiishie kusema. Pembe mbili za bibi yangu nimezitoa, nimezipaka mafuta. Kila Alhamisi baada ya alasiri zitakuwa kwenye kidaka cha nyumba yangu, na majirani wa Mkomani wanaijua nyumba. Wasichana waje. Mama zetu wanaokumbuka beti waje pia, kwani mimi nimehifadhi chache na nyingi zimenitoka. Aliye na pembe ya tatu aje nayo.

Mama wa Mkomani,
Lamu