Mwanangu anakaa benchi tu, nimtoe akademi au nivumilie?

Habari zenu wadau, shikamooni wakubwa. Naombeni ushauri, hasa nyie mliocheza mpira au mna watoto kwenye hizi akademi zetu za Dar.

Nina mtoto wa kiume wa miaka 13, anacheza kiungo. Mwili mdogo ila mpira anaujua, hata kocha siku ya kwanza alimsifia kwamba anaangalia pembeni kabla hajapokea. Tukalipa ada, tukanunua jezi na njumu, mambo yakaenda vizuri tu. Shida imeanza walipochukua kikombe kwenye bonanza moja, tangu hapo kila Jumamosi ni ushindi ushindi, wakaletwa vijana wengine eti nao ni U13 wakati sauti zimeshakuwa nzito na ndevu zinachungulia, si mnajua mambo ya vyeti vya kuzaliwa. Sasa mwanangu ni benchi, akiingia ni dakika za mwisho tena anapangwa beki ya pembeni, akijaribu kutuliza mpira apige pasi anasikia kocha na wazazi wote wanapiga kelele butua, butua! Juzi karudi jezi haina hata vumbi, akaivua akaikunja akairudisha kabatini kimya kimya. Zamani ile jezi bila kuilowekea usiku kucha haitakati.

Nimeongea na kocha kwa heshima, akaniambia mama vumilia, akijaza mwili atacheza, halafu tukifungwa fungwa wazazi wanahamisha watoto. Hapo kwenye wazazi namwelewa kwa kweli. Lakini asipocheza mechi atazijulia wapi? Mwili kila mtoto unakuja kwa wakati wake, kuna anayerefuka na miaka 12 na kuna wa 16, huyu wa 16 akiwa ameshakata tamaa tutajuaje kama alikuwa mchezaji?

Huku kwetu Temeke kuna timu ya mtaa, haina jina, wanafanyia mazoezi uwanja wa shule, ila mwalimu wao anachezesha watoto wote na anawaacha wakae na mpira, akikosea anamwambia rudia. Mimi nataka aende huko. Baba yake hataki hata kusikia, anasema skauti gani wa kusaka vipaji atakuja mtaani, yeye anamuona Samatta mwingine humu ndani. Namwambia huyo Samatta alienda Mazembe ya Kongo 2011 ana miaka 18, Genk ya Ubelgiji kafika Januari 2016 ana 23, na mshambuliaji wetu mwingine Kelvin John kasaini Genk 2021 alipotimiza 18 maana FIFA hawaruhusu mtoto chini ya hapo kuhamia klabu ya nje isipokuwa kwa sababu chache sana, sasa haraka yote hii kwa mtoto wa 13 ya nini jamani? Ananijibu mpira siujui.

Kinachoniumiza zaidi ni Ijumaa usiku, mtoto anaanza kusema tumbo linamuuma, na Jumamosi wakirudi baba yake anamhoji njia nzima kwanini hujapangwa, kwanini hukukimbia, mtoto anaangalia dirishani tu.

Naombeni mnisaidie, nimhamishe moja kwa moja au abaki akademi kwa mazoezi halafu mechi akacheze mtaani, kuna mzazi amefanya hivyo kocha akakubali? Na huyu baba niongee naye vipi tusigombane mbele ya mtoto? Ada ya muhula mpya inatakiwa mwisho wa mwezi, nataka tuwe tumeshaamua kabla hatujalipa.