Malazi yetu ya Nafplio

Ndugu wanakikundi, habari zenu.

Ninawaarifu kwamba malazi yetu Nafplio, Ugiriki, yatakuwa katika nyumba ndogo ya wageni iliyomo ndani ya mji mkongwe, chini ya ngome ya Akronafplia, wala si katika hoteli kubwa kama baadhi yenu mlivyopendekeza. Mji huu, uliokuwa makao makuu ya Ugiriki kabla ya serikali kuhamia Athens mwaka 1834, unastahili kukaliwa ndani kwa ndani: ukitoka mlangoni, unatembea kwa miguu hadi kanisa la Mtakatifu Spyridon, ambako Ioannis Kapodistrias, kiongozi wa kwanza wa taifa hilo, aliuawa mwaka 1831, na ukishuka bandarini unaiona ngome ya Bourtzi ikiwa imezungukwa na maji.

Hata hivyo, vichochoro vya juu ni ngazi tupu, gari halifiki mlangoni, na nyumba haina lifti. Kwa hiyo naomba sana kila mmoja abebe begi analoweza kulipandisha mwenyewe. Wazee wetu watapewa vyumba vya chini. Karatasi za chooni hutupwa kwenye kindoo kilicho pembeni, kwa kuwa mabomba ni membamba na huziba upesi. Majirani hupumzika wakati wa kiangazi kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja na nusu, nasi tutauheshimu utulivu huo.

Anayetaka kupanda Palamidi, ngome ya Waveneti iliyokamilika mwaka 1714, aondoke asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali.

Wenye matatizo ya magoti wanijulishe faraghani kabla ya Ijumaa, ili nipange vyumba.